Vyuma vya Saadiya na Sikio la Bi Mayasa

Bi Mayasa aliletwa mjini na chumvi. Alikuwa ndani ya maji ya Chwaka, yamemfika magotini, anafunga mwani kwenye kamba pamoja na wenzake, na wenzake wanacheka kwa jambo alilosema mmoja wao. Mara kicheko kikakatika kati, kama mtu aliyefungiwa mlango. Akainua uso, akawaona bado wanacheka. Hapo akajua kwamba mashine yake ya sikio imekufa.

Alikokwenda kuuliza aliambiwa mashine ile ni ya zamani, vipuri vyake havipatikani tena, asubiri apate nyingine. Bi Mayasa hakuwa mtu wa kusubiri. Maji mafu yalikuwa yameingia, bahari haitoki vya kutosha, kazi ya mwani imelala. Basi akavaa baibui lake, akapanda gari, akaenda Mkunazini kwa Saadiya, mtoto wa kaka yake, ambaye alikuwa fundi wa redio na kila kitu chenye waya ndani.

"Shikamoo, shangazi," alisema Saadiya alipomwona mlangoni.

Bi Mayasa hakusikia, ila midomo aliijua kuisoma tangu zamani. "Marahaba," akajibu kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia. "Imekufa. Ifufue."

Karakana ya Saadiya ilikuwa chumba cha chini katika nyumba ya mawe, na mlango wake ulifunguka kwenye kichochoro chembamba ambacho jua hukichungulia adhuhuri tu, likaondoka. Juu alikuwa akilala. Chini akifanya kazi. Aliifungua ile mashine chini ya lenzi, akaona mara moja: kijiguu cha chuma kinachoshika betri kilikuwa kimeliwa na chumvi hata kikaachana na sehemu yake. Jeraha lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya ufuta. Ikabaki kuchagua chuma cha kulilehemu.

Vyuma vyake vilining'inia ukutani juu ya meza, na Saadiya alivijua kwa tabia kama mtu anavyowajua ndugu zake. Cha kwanza kilikuwa chuma cha waya, kizito, chenye mpini wa mbao uliopauka, alichokirithi kwa baba yake. Ndani ya bomba lake mlikuwa na waya mwembamba uliozungushwa juu ya ulanga, lile jiwe jembamba lisiloungua, zunguko kwa zunguko. Umeme ukipita, waya unawaka mwekundu, joto linatoka kwenye waya, linavuka ulanga, linavuka bomba, ndipo linapoifikia ncha ya shaba. Safari ndefu. Ukishakichomeka unaweza kwenda kubandika chai na ukarudi. Lakini kikishashika joto hakiliachi upesi, na pale panapotaka moto mwingi, penye bati nene, hakuna kinachokishinda.

Cha pili kilikuwa na umbo la bastola, na ndivyo alivyokiita. Hicho kina transfoma tumboni: upande mmoja waya mwembamba wa mizunguko mingi, upande wa pili waya mnene uliozunguka mara moja tu, na mwisho wa huo mnene ndio ncha yenyewe. Ukibana kifyatulio, umeme mwingi unamiminika kwenye ncha, nayo inawaka kwa kuwa yenyewe ndiyo njia. Ukiachia, inapoa. Chepesi cha hasira na chepesi cha kusahau.

Na cha tatu kilikuwa cha kauri, chembamba kama kalamu. Waya wake umezikwa ndani ya kijiti cha kauri, na ncha imekivaa kijiti hicho kama kofia, kwa hivyo joto halina safari. Linazaliwa pale pale linapotumika.

Chuma cha waya kingeiyeyusha plastiki kabla hakijaigusa vizuri. Bastola ingekuwa kama kutia kope wanja kwa ufagio. Akachukua cha kauri. Akaigusisha ncha kwenye kijiguu, akailisha lehemu kidogo, na ule moshi wa utomvu uliomo ndani ya lehemu ukapanda, wenye harufu iliyokuwa jirani kabisa na ya ubani. Lehemu ikang'aa, ikatulia, ikapoteza mng'ao. Kwisha.

Alipomrudishia shangazi yake mashine sikioni, Bi Mayasa aliitazama dari. Kisha akamgeukia.

"Mbona unapumua kwa nguvu hivyo?"

Saadiya akacheka mpaka akashika meza.

Kwa kuwa maji mafu yalikuwa bado hayajapita, Bi Mayasa akakaa. Kila asubuhi aliketi kwenye kibao kando ya meza ya fundi, anachambua mchele au hachambui kitu, anatazama vyuma vinavyopanda na kushuka. Lakini mji ulimchosha. Kichochoro kile kilikuwa na kelele zake: pikipiki zinazopiga honi kila kona, masanduku ya watalii yanayokokotwa kwa vigurudumu juu ya mawe, cherehani ya Mkadam, jirani wa upande wa pili, inayokwenda kama mvua ya mawe. Chwaka sauti huja moja moja. Hapa zilikuja zote pamoja, na mashine ilizikuza zote sawasawa, honi na salamu.

Ndipo siku moja, bila ya kumwambia mtu, akapeleka ukucha nyuma ya sikio, akakisukuma kidude fulani kidogo alichokuwa hajakigusa tangu apewe mashine ile. Kelele zote zikaondoka. Hakukuwa kimya kitupu. Palibaki uzi mwembamba wa sauti, mbali sana, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa chumba cha pili. Bi Mayasa akapumua. Akaendelea na mchele wake.

Saadiya hakujua. Alikuwa ameshughulika na amplifaya ya watu wa harusi, ambayo waya wake mnene wa chini ulikuwa umeng'oka kwenye bati jembamba. Akachukua bastola, akabana.

Bi Mayasa akainua mkono. "Nyamaza!"

Saadiya, ambaye hakuwa amesema neno, akaachia kifyatulio.

"Kakata," alisema Bi Mayasa. Macho yake yalikuwa yamefunguka sana. "Nani huyo?"

"Nani, shangazi?"

Lakini shangazi hakuwa akimtazama midomo. Saadiya akangoja, asione cha kungojea, akabana tena ili amalize kazi yake. Na Bi Mayasa akafumba macho. Uso wake ukalegea, ukawa kama uso wa mtu aliyeingia kwenye kivuli kutoka juani, na kichwa chake kikaanza kwenda polepole, huku na huku. Lehemu ilishayeyuka, ilishashika, na Saadiya alikuwa bado amebana, akimtazama, mpaka ncha ya bastola ikaanza kutoa moshi.

"Ubwa," alisema Bi Mayasa.

Ubwa alikuwa mumewe. Alikuwa msukaji wa madema, mitego ya samaki, na alipokuwa akisuka alikuwa na kawaida ya kuvuma. Si wimbo, wala hauna maneno, ni mvumo tu unaotoka kifuani, ambao Saadiya mwenyewe aliukumbuka kidogo tangu utotoni, alipokuwa akipelekwa Chwaka siku za skuli kufungwa. Masikio ya Bi Mayasa yalijifunga taratibu, mwaka baada ya mwaka, na mvumo ule ukamtoka kama rangi inavyotoka kwenye kanga. Miaka ya mwisho alikuwa akiiona koo ya mumewe inatetemeka na hasikii kitu. Akawa anampitia nyuma, anamwekea kiganja mgongoni, apate angalau mtetemo. Kisha Ubwa akafa. Na ndipo, baada ya arobaini kupita na nyumba kutulia, alipopata mashine ya sikio.

"Mashine ikaja," alimwambia Saadiya asubuhi ile, "mwenye sauti keshaondoka."

Saadiya akabana tena, ingawa hakukuwa na kitu cha kulehemu.

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu, na kila Saadiya alipokuja kuzikumbuka ziliingiliana kama mambo ya usingizini. Bi Mayasa alianza kutoka. Alikuwa akipita vichochoroni polepole, bega linakwaruza chokaa ya kuta, na mahali fulani anasimama, analaza upande wa kichwa chake kwenye ukuta, anafumba macho. Saadiya alimfuata mara moja kwa mbali. Alimwona akisimama chini ya masanduku ya mita yaliyopangwa kama vizimba vya njiwa, mkono ameuweka juu ya jiwe kama mtu anayembembeleza ng'ombe. Watu walimpita, wakamwamkia, naye hakuitikia. Juu yao nyaya zilipita kutoka dirisha hadi dirisha, zimechoka, zimefungamana, na mwanga uliojipenyeza baina ya mapaa ulikuwa wa rangi ya maziwa. Saadiya alijikuta naye anategea sikio. Alisikia viatu, kunguru, na mtu anatwanga kitunguu thaumu mahali fulani juu.

"Yumo na huku," Bi Mayasa alimwambia alipomfikia, kwa utulivu kabisa. "Mwembamba, lakini yumo. Kwenye bastola yako ndipo anapokuja mzima."

Saadiya akarudi naye nyumbani, moyo wake mzito. Alikuwa na dhana, ila dhana yenyewe hakutaka kuitazama.

Basi umeme ukakatika. Ilikuwa asubuhi, na kwa kuwa mlango wa karakana ulikuwa wazi na mwanga unatosha, na yeye alikuwa akifungua skrubu kwa mkono, Saadiya hakugundua. Aliyegundua ni Bi Mayasa. Alikuja kutoka kichochoroni karibu mbio, baibui limemteleza begani.

"Kanyamaza! Kila pahali kanyamaza. Bana, mwanangu. Bana!"

Saadiya akabana. Bastola ikakaa mkononi kama kipande cha mti. Bi Mayasa akasogea, akainamisha kichwa mpaka sikio likakaribia kuigusa, akangoja, na uso wake ukaanza kubomoka.

Hapo Saadiya hakuweza tena kukwepa. Akaiweka bastola chini, akamshika shangazi yake mabega, akamketisha, akapeleka kidole nyuma ya sikio lake. Akakipapasa kile kidude. Kilikuwa kimesogezwa. Akakirudisha mahali pake.

"Shangazi," alisema.

Bi Mayasa akashtuka kwa sauti ya mtu.

"Nikwambie kitu?"

"Niambie."

"Ndani ya mashine yako mna masikio mawili. Moja la kusikia watu. La pili ni koili, waya mdogo uliozungushwa, umewekwa kwa ajili ya simu. Huo hausikii watu. Unasikia sumaku inayotetemeka. Na umeme wetu, kila unapopita, unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, na sumaku inatetemeka nao. Wewe ulisukuma swichi ukahamia kwenye sikio la pili. Ulichokuwa ukikisikia ukutani ni nyaya. Na kwenye bastola..."

"Kwenye bastola nini?"

"Ni transfoma. Inapitisha umeme mwingi kuliko chochote nilicho nacho humu ndani. Ndiyo maana inavuma zaidi."

Bi Mayasa alitazama mikono yake. Nje Mkadam alikuwa akilalamika kwamba kazi ya mtu imemsimamia kati.

"Kwa hivyo si Ubwa."

"Si yeye, shangazi. Nisamehe."

"Kwani umeniambia wewe kwamba ni yeye? Mimi ndiye niliyesema." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Akakaa. Saadiya alidhani atalia, au ataomba arejeshwe Chwaka siku ile ile. Lakini Bi Mayasa aliinua macho akautazama ukuta wa vyuma, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye hamu ya kujua, hamu ya mtoto.

"Na hivyo vingine? Navyo vinavuma?"

"Sijui," alisema Saadiya, na ilikuwa kweli. "Sijawahi kuwa na mtu wa kumuuliza."

Umeme uliporudi wakavijaribu. Saadiya alikichomeka chuma cha waya, akampa ishara, na Bi Mayasa akasukuma swichi kwa ukucha. Akasikiliza. Alisema kipo, kinavuma kwa chini, kama mtu aliyefunika kinywa kwa shuka. Na alipokisogeza sikioni kwa ubavu wa bomba, pale waya unapozunguka, kikapanda kidogo. Hakikubadilika. Tangu kikiwa baridi mpaka kilipoiva, mvumo wake ulikuwa ule ule.

"Huyu ni moto wa makumbi ya nazi," alisema. "Unamkoka, unamngoja, na akishashika anakaa siku nzima."

Cha kauri kilimshinda. Alikisogeza, akakizungusha, akatikisa kichwa. Palikuwa na kitu, hakukuwa na kitu. Njia za umeme ndani ya kauri zilikuwa nyembamba mno na fupi mno. "Huyu kapita na viatu mkononi," alisema, na Saadiya akacheka peke yake.

Palikuwa na kimoja zaidi, cha sumaku, ambacho Saadiya alikuwa hakitumii ila kwa nadra, kwa vile kilikuwa cha zamani na ncha zake hazipatikani. Hicho alikipenda kwa namna kinavyofikiri. Nyuma ya ncha yake pamebandikwa kipande cha madini kinachoshikwa na sumaku kikiwa baridi. Sumaku inapokishika, inafunga swichi, umeme unapita, joto linapanda. Likifika kiwango chake, kile kipande kinaacha kushikika. Kinasahau kabisa kama kiliwahi kuvutwa na sumaku, nayo inakiachia, swichi inafunguka, joto linaanza kushuka. Kikipoa kidogo kinakumbuka. Kinashikwa tena.

Bi Mayasa alikaa na hicho kuliko vyote. Alikishika kwa mpini, akakiweka karibu na sikio kwa uangalifu, na Saadiya alimwona akihesabu kwa kidevu: anasikia, hasikii, anasikia, hasikii. Mwanga wa kichochoroni ulikuwa umeingia mpaka kwenye magoti yake. Moshi mwembamba wa utomvu ulipanda kutoka kwenye ncha, ukasimama wima hewani, ukajikunja. Saadiya alihisi kwamba chumba kizima kimejaa maji ya aina fulani, na mawimbi yake yanawapita wote wawili, na katika wawili hao mmoja tu ndiye anayeyajua.

"Anasahau," Bi Mayasa alisema kwa sauti ya chini, "kisha anakumbuka."

Na mwisho akaomba bastola. Saadiya akabana. Na Bi Mayasa akafumba macho vile vile kama mwanzo, akijua ni nini.

Ndiyo maana Wanu alipokuja alimkuta mama yake hasikii hodi.

Wanu alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Mayasa, ameolewa Chukwani, na aliyempelekea habari ni Mkadam, aliyekuwa akimshonea nguo. Alikuwa ameambiwa kwamba mama yake anazungumza na kuta za Mkunazini. Aliingia na wasiwasi wake na jasho la njiani, akasema "Mama!" na mama, aliyempa mgongo, hakugeuka. Akasema tena. Kisha akamtazama Saadiya.

"Si ulisema umeitengeneza?"

Saadiya akamvuta kando, akamweleza yote. Alitumaini Wanu atapoa. Wanu aliwaka.

"Kwa hivyo anasikia, lakini hataki kutusikia sisi."

"Sikusema hivyo."

"Mimi nampigia simu haipokei. Nnakwenda Chwaka kila nikipata nafasi, nakaa naye, nasema naye mpaka koo inakauka. Nipo hai, Saadiya. Na yeye anasikiliza ukuta, kwa kuwa ukuta unamkumbusha mtu aliyekufa." Akashusha sauti. "Hiyo swichi. Unaweza kuilehemu isisogee tena? Ibaki kwenye kusikia watu?"

"Naweza."

"Basi ilehemu."

Bi Mayasa alikuwa ameshamwona bintiye. Walikumbatiana, na Wanu, huku machozi yamemlenga, akamwambia kwa midomo kwamba Saadiya anataka kuitazama mashine tena. Bi Mayasa akaivua bila ya neno, akaiweka mezani, akapanda juu kumtafutia mgeni maji.

Saadiya alichomeka chuma cha kauri. Aliifungua mashine, akaiweka chini ya lenzi. Swichi ilikuwa na vijiguu vyake vimepangika vizuri, na tone moja tu la lehemu baina ya viwili lingetosha; dakika isingekwisha. Ncha ilikuwa tayari. Aliigusisha kwenye sifongo yenye maji, ikalia *sss*, akaisogeza, na mkono wake ukakataa. Alijua kwamba shangazi yake atakapopeleka ukucha nyuma ya sikio na kukuta hakuna kinachobadilika, hatamuuliza mtu. Ataelewa, na atanyamaza.

"Siwezi," alisema, akakirudisha chuma kwenye kiti chake. "Kazi ya mkono si tatizo. Mwenyewe hajaniruhusu."

"Ni mama yangu."

"Ni sikio lake." Akaifunga mashine, akaipunguza sauti mpaka chini kabisa, akamnyooshea Wanu. "Hebu iweke. Usikie anachokisikia. Kisha ukinambia nilehemu, tutamwita tumuulize pamoja."

Wanu akasita, kisha akaiweka sikioni, amekunja uso kama mtu anayeonja dawa. Saadiya akasukuma swichi. Akachukua bastola, akabana.

Alimwona Wanu akibadilika. Kwanza alishtuka. Kisha akasimama tuli, mkono mmoja hewani, na kunyanzi la paji la uso likajifuta lenyewe. Saadiya akaachia, akabana, akaachia. Bi Mayasa alikuwa ameshuka na birika la maji, amesimama kwenye ngazi ya mwisho, anawatazama.

"Si baba," Wanu alisema hatimaye. Akaivua mashine, akamwendea mama yake, akamrejeshea mwenyewe nyuma ya sikio kwa vidole visivyozoea, akakirudisha kidude kwenye kusikia watu, akapandisha sauti kidogo. "Mama, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Si yeye. Huyu ananyooka tu, haendi popote. Baba hakuwa akivuma hivi."

"Najua si yeye," alisema Bi Mayasa. "Saadiya keshanambia. Lakini mimi nimebaki na huyu. Mwenyewe alivyokuwa..." Akatafuta neno. "Naikumbuka koo yake. Mgongo wake naukumbuka. Sauti sinayo tena, Wanu. Nikiitafuta naikuta hii."

Wanu akamtazama mama yake kama aliyemwona sasa hivi tu. Miaka yote ile ya mwisho, mama akipita nyuma ya baba na kuweka kiganja, yeye Wanu alikuwa palepale uani, anakuna nazi, anafua, na masikio yake mazima. Na mvumo ulikuwa ukimpita kama upepo, ameuzoea, hajafikiri hata siku moja kwamba ni yeye peke yake anayeusikia nyumbani mule.

"Alikuwa akianzia chini," alisema. "Anapopinda ufito, anashuka. Akishaufunga, anapanda. Hivi."

Na akavuma. Hakuwa na sauti nzuri, na mwanzo ilimkwama kwa haya. Akaanza tena. Ilishuka, ikakaa pale chini ikikwaruza, ikapanda kidogo, ikasimama kama mtu anayetafuta kitu kwa mkono bila ya kutazama, ikaendelea.

Bi Mayasa aliliweka birika sakafuni. Akapeleka kidole nyuma ya sikio, na Saadiya moyo ukamruka. Lakini shangazi yake alikuwa anaongeza sauti tu. Akaongeza mpaka mwisho. Kisha akasogea, akaweka kiganja mgongoni mwa bintiye.

"Hapo alikuwa akivuta pumzi," alisema katikati. "Kifua kilikuwa kikijaa hapo."

"Ee, kweli," alisema Wanu. "Nimeruka. Ngoja."

Akarudia, na safari hii akavuta pumzi.

Saadiya aliwaacha. Alikwenda akakaa kwenye kizingiti cha karakana yake, miguu kichochoroni, na Mkadam alipomuuliza kwa ishara kuna nini ndani, akamjibu kwa ishara kwamba hakuna kitu. Nyuma yake sauti mbili, moja inayovuma na moja inayosahihisha, ziliendelea mpaka Wanu akaanza kucheka na mama yake akamgombeza kwamba anaharibu.

Swichi haikulehemiwa. Bamvua lilipokaribia, bahari ikianza tena kutoka mbali, Wanu ndiye aliyemrudisha mama yake Chwaka, akakaa naye huko siku za kazi, na baadaye akawa anakwenda mara kwa mara zaidi kuliko zamani, na alijifunza kumgusa bega kabla ya kusema naye, ajue kama yumo au hayumo. Maana Bi Mayasa hakuiacha desturi yake moja kwa moja. Alikuja mjini bado, na alipokuja alikaa kwenye kibao akaomba asikilizishwe kile cha sumaku, au bastola, kama mwingine anavyoomba kahawa.

Ijumaa moja Saadiya alikwenda Chwaka kumwamkia. Bahari ilikuwa imetoka mbali sana, na wanawake walikuwa wameinama baina ya mambo, vile vigingi vya mwani, na kamba, wadogo kwa umbali, wanatembea juu ya kioo chembamba cha maji kilichobeba mbingu nzima. Akavua viatu, akawafuata. Alimkuta shangazi yake amesimama peke yake, kichwa kimeinama upande mmoja. Akamgusa bega.

"Huku hakuna nyaya," alisema Bi Mayasa bila ya kugeuka; alikuwa ameshamwona akija. "Ukihamia upande wa pili, hakuna kitu kabisa. Hata uzi. Ningekuonyesha, lakini hutasikia."

"Ni vipi, shangazi?"

Bi Mayasa alikuwa bado upande wa pili, hakumsikia. Alikaa hivyo kidogo, jua linamwakia usoni kutoka majini. Kisha akapeleka ukucha nyuma ya sikio, na papo hapo akageukia kwa wenzake, ambako mmoja alikuwa akilalamika kwamba kamba yake imechukuliwa.

"Kamba gani?" alipaza sauti. "Hiyo ni yangu! Hebu ngoja nije!"

Akaondoka kwa haraka, akiyarusha maji kwa miguu, na Saadiya akapandisha nguo yake akamfuata.